PROFESA LUIGI BROGLIO: MWALIMU ALIYERUSHA UHURU KUTOKA NGOMENI

Mwaka huu nimepewa mimi jukumu la kuandika ukurasa wa maisha ya watu mashuhuri. Matoleo yaliyopita yalikwisha kuwaenzi Mekatilili wa Menza na Bwana Ronald Ngala, nao ni watu wetu wa damu hapa Kilifi. Mimi nimemchagua mtu wa mbali kidogo: Profesa Luigi Broglio, mhandisi wa Kiitaliano aliyekuja baharini kwetu na kuifanya Ngomeni ijulikane na wataalamu wa nyota duniani kote.

Nilipolitaja jina hilo kikaoni, mabishano yalizuka. Wenzangu wengine waliniuliza: Mzungu tena? Kwani watu wetu wamekwisha? Na mwengine akasema kwamba San Marco ni mambo ya Waitaliano, tuwaachie wenyewe. Hoja hizo si za kupuuzwa, na nitazijibu kabla ya kuweka kalamu chini. Lakini kwanza naomba mnisikilize, maana asiyejua maana haambiwi maana.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Luigi Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, mji ulio bara tu ya Venice. Venice, kwa wasiojua, ni mji uliojengwa juu ya maji, na watu wake tangu zamani ni mabaharia na wafanyabiashara kama walivyokuwa watu wa Malindi na Lamu. Mtakatifu ambaye mji ule unamhesabu kuwa mlinzi wake ni Marko, kwa Kiitaliano San Marco. Kwa hiyo jina hili tunalolisikia kila siku hapa Malindi, na ambalo baadhi yetu hudhani ni la hoteli, asili yake ni huko alikozaliwa mtu huyu.

Kijana Broglio alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Roma na kufuzu mwaka 1934. Kisha akaingia katika Jeshi la Anga la Italia upande wa wahandisi. Vita Vikuu vya Pili vilimkuta humo. Italia iliposalimu amri mnamo Septemba 1943 na Wajerumani kuikalia, yeye alikuwa upande wa waliowapinga. Vita vilipokwisha alirudi kwenye kazi zake mbili: ufundishaji na jeshi la anga, ambamo alipanda hata akawa jenerali. Ndiyo maana vitabu vingine humwita Profesa na vingine Jenerali. Yote mawili ni sawa.

Mwaka 1952 alifanywa mkuu wa Shule ya Uhandisi wa Ndege ya Chuo Kikuu cha Roma. Shule hiyo aliipokea kutoka kwa bingwa mkubwa Gaetano Arturo Crocco. Broglio hakuridhika na kufundisha kwa chaki na ubao peke yake. Alijenga mitambo ya kupuliza upepo wa kasi ipitayo kasi ya sauti, ili wanafunzi waone kwa macho yao hewa inavyoifanyia ndege. Mwalimu wetu wa fizikia husema kwamba somo lisilofanyiwa majaribio ni hadithi tu. Nadhani wangepatana sana.

FIKIRA YA KUJA KWETU

Mwaka 1957 Warusi walirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza kabisa. Wamarekani wakafuata mwaka 1958. Dunia nzima ikawa yatazama juu. Italia wakati huo ilikuwa bado yajikongoja kutoka katika hasara za vita, wala haikuwa na fedha za kushindana na wakubwa hao. Broglio akafanya kama mvuvi mwenye ngalawa ndogo anayeona majahazi makubwa yakipita: hakusema nitayapita, alijiuliza ni samaki gani ambaye majahazi hayo hayamfikii.

Samaki huyo alikuwa ikweta. Hebu niwaeleze, maana hapa ndipo ilipo siri yote.

Dunia huzunguka kutoka magharibi kwenda mashariki. Sisi tulio karibu na ikweta tunazungushwa kwa kasi ya yapata kilomita 1,670 kwa saa, ingawa tumekaa tuli darasani. Aliye Roma anazungushwa kwa kasi kama ya kilomita 1,240 tu kwa saa, kwa kuwa duara lake ni dogo zaidi. Basi roketi ikirushwa kuelekea mashariki kutoka ikweta huwa imekwisha kupewa msukumo wa bure, kama mtoto arushwaye na bembea. Haihitaji mafuta mengi, na mzigo unaweza kuwa mzito zaidi. Isitoshe, setilaiti inayotakiwa kuizunguka dunia juu ya ikweta ni rahisi mno kuirusha kutoka hapo hapo ikweta kuliko kutoka mbali na kuipindisha njia yake huko juu.

Jambo la pili ni usalama. Roketi ina vipande vinavyodondoka njiani. Ukiirusha kutoka bara, vipande hivyo vyaweza kuwaangukia watu na mifugo. Ukiirusha kutoka baharini na mbele yako ni Bahari Hindi tupu, basi huna wasiwasi.

Sasa mkunjue ramani. Mahali penye bahari upande wa mashariki, karibu na ikweta, maji si ya kina kirefu, na bandari ya Mombasa haiko mbali. Ni wapi kama si kwetu? Ras Ngomeni iko kama digrii 3 hivi kusini mwa ikweta, yapata kilomita 30 kaskazini ya Malindi, ikitazama Ghuba ya Ungwana. Hapo ndipo Broglio alipoweka kidole chake.

Mwaka 1961 alipeleka shauri lake kwa serikali ya Waziri Mkuu Amintore Fanfani, nalo likakubaliwa. Mwaka 1962 mapatano yakatiwa saini baina ya Italia na shirika la anga la Marekani, NASA. Wamarekani watatoa roketi zao ziitwazo Scout na kuwafunza Waitaliano kuzirusha, nao Waitaliano watatengeneza setilaiti na kujenga kituo. Jambo la kushangaza ni hili: kituo chenyewe hakikuwa cha kampuni. Kilikuwa cha chuo kikuu, kwa kushirikiana na Jeshi la Anga. Hebu fikirini, chuo kikuu chenye uwanja wake wa kurushia roketi! Si mchezo.

MAJUKWAA MAWILI BAHARINI

Kwa kuwa fedha zilikuwa chache, Broglio hakuagiza vitu vipya. Jukwaa la kwanza, Santa Rita, lilikuwa la kuchimbia mafuta chini ya bahari. Likaletwa na kusimamishwa mbele ya Ngomeni, na mwezi Machi 1964, Kenya ikiwa huru kwa miezi michache tu, roketi ndogo za kupima hewa zilianza kuruka kutoka hapo. Jukwaa la pili, San Marco, lilikuwa tishari la zamani la jeshi la Marekani, likafungwa miguu ya chuma ya kusimamia juu ya maji. Hilo ndilo la kurushia roketi kubwa. Santa Rita likawa la mitambo ya kuongozea.

Wazee wa huku kwetu wanayakumbuka mambo hayo. Ami yangu mmoja, aliyekuwa akivua maji ya Ngomeni tangu ujanani, hunisimulia kwamba siku za kurusha roketi wavuvi waliambiwa wakae mbali. Basi watu wangekaa ufukoni wakingoja. Mara moto! Kisha mngurumo ukafika baadaye, kwa kuwa mwangaza huenda mbio kuliko sauti. Watoto walikimbilia kwenye mikoko, na watu wazima walibaki wameshika vichwa. Kwa wengi wao hilo lilikuwa somo la kwanza la fizikia, na hawakulipia karo.

Roketi ya Scout ilikuwa na urefu wa yapata mita 23, yenye vipande vinne vinavyowaka kwa zamu. Kabla ya kuirusha hapa kwetu, Waitaliano walipewa mtihani Marekani. Tarehe 15 Desemba 1964 waliirusha wenyewe setilaiti yao ya kwanza, San Marco 1, kutoka Kisiwa cha Wallops katika jimbo la Virginia. Walifaulu. Ndipo tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ikaruka kutoka Ngomeni. Ilikuwa mara ya kwanza duniani setilaiti kurushwa kutoka jukwaa lililo baharini.

Ndani ya setilaiti hizo kulikuwa na kifaa alichokibuni Broglio mwenyewe, kikaitwa mizani ya Broglio. Nitajaribu kukieleza kwa lugha nyepesi. Chukueni mpira mwembamba wa chuma, ndani yake mtieni kitu kizito, kisha muunganishe viwili hivyo kwa springi. Mpira ukipita katika hewa nyembamba sana ya huko juu, hewa hiyo huusukuma nyuma kidogo sana. Kilicho ndani hakiguswi na hewa. Kwa hivyo springi hujikunja kidogo, na ukipima kule kujikunja unajua hewa ni nzito kiasi gani. Jambo dogo, lakini kabla ya hapo watu walikuwa wakikisia tu. Na hewa hiyo ndiyo inayopunguza mwendo wa setilaiti mpaka zikaanguka, kwa hiyo kuijua ni muhimu sana.

UHURU JUU MBINGUNI

Wasomaji wapenzi, sasa nafika mahali ambapo Chama cha Kiswahili kinapaswa kusimama na kupiga makofi.

Nyota hazitoi mwangaza huu tunaouona tu. Nyingine hutoa miale ya eksirei, ile ile inayotumika hospitalini kupiga picha za mifupa. Hewa yetu huizuia miale hiyo isitufikie, nasi tunashukuru, maana ingetudhuru. Lakini kwa mtaalamu wa nyota kizuizi hicho ni kama pazia dirishani. Ili aone, lazima atoke nje ya hewa.

Wamarekani walitengeneza setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza eksirei za nyota tu. Aliyeongoza uchunguzi wenyewe alikuwa Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyehamia Marekani, na msimamizi wa mradi upande wa NASA alikuwa mwanamke, Bi Marjorie Townsend. Wasichana wa Kidato cha Pili wanaoniambia hesabu ni za wavulana, mmesikia? Wakaiona Ngomeni kuwa ndiyo inayofaa, kwa sababu setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepukana na miale mikali iliyotanda sehemu nyingine za anga na kuvuruga vipimo.

Ikarushwa na kikosi cha Broglio tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo mnaijua. Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 7 ya uhuru. Basi setilaiti hiyo, badala ya kubaki na jina lake la herufi tupu, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ni kwa heshima ya sikukuu yetu na ukarimu wa watu wetu.

Uhuru ilifanya kazi zaidi ya miaka 2, mpaka Machi 1973. Ilionyesha kwamba mbingu zimejaa vitu vinavyotoa eksirei. Orodha yake ya mwisho ina vitu 339. Kwa msaada wake wataalamu walikitambua kitu kiitwacho Cygnus X-1, ambacho sasa chahesabiwa kuwa shimo jeusi, yaani nyota iliyojikunja hata mwangaza wenyewe hauwezi kutoka ndani yake. Mwaka 2002 Giacconi alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi aliyoianzisha katika uwanja huo.

Na sikieni hili. Vitu vile vilivyoorodheshwa vilipewa majina yanayoanza na tarakimu 4 na herufi U, kisha namba za mahali kilipo. Tarakimu 4 ni kwa kuwa hiyo ilikuwa orodha ya nne. U ni ya Uhuru. Hadi leo, mtaalamu aliye Japani au Ujerumani akiandika habari za nyota hizo, huandika herufi ya kwanza ya neno letu la Kiswahili, pengine bila kujua. Lugha yetu tunayoambiwa kuwa haifai kwa sayansi imekwisha kuandikwa kwenye ramani ya mbingu, na imetokea Ngomeni!

MIAKA YA BAADAYE

Kwa jumla setilaiti 9 zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco kati ya 1967 na 1988. Nne zilikuwa za Italia, nne za Marekani, na moja, Ariel 5 ya mwaka 1974, ya Uingereza. Zote zilifika angani salama. Ya mwisho, San Marco 5, iliruka tarehe 25 Machi 1988.

Baada ya hapo kimya. Wamarekani waliacha kutengeneza Scout. Broglio, sasa mzee, alitaka Italia iunde Scout yenye nguvu zaidi ili jukwaa letu liendelee kuishi. Aliipigania sana fikira hiyo, lakini wapi, haikupata kibali. Italia baadaye ilikuja kuongoza uundaji wa roketi iitwayo Vega, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 2012, lakini hiyo ilirushwa kutoka Guyana ya Wafaransa, huko Amerika Kusini. Majukwaa yetu yakabaki yamesimama majini.

Hata hivyo kituo hakikufa. Upande wa nchi kavu, antena ziliendelea kuongea na setilaiti. Mfano ni BeppoSAX, setilaiti ya Italia iliyorushwa mwaka 1996, ambayo ilikuwa ikiteremsha habari zake zote Malindi. Tarehe 28 Februari 1997 ndiyo iliyowezesha wataalamu kupata kwa mara ya kwanza mabaki ya mwangaza wa mlipuko mkubwa wa miale ya gama, na hivyo kuanza kufumbua fumbo la miaka 30. Habari hiyo ilitua kwetu kwanza kabla ya kufika Roma. Setilaiti ya Marekani iitwayo Swift, iliyorushwa mwaka 2004, nayo iliitumia Malindi.

Profesa Luigi Broglio alifariki dunia mjini Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na umri wa miaka 89. Nchini kwao wanamwita baba wa safari za anga za Italia. Kituo cha Ngomeni kikapewa jina lake.

JE, ANASTAHILI KUENZIWA NASI?

Nilisema nitajibu hoja za wenzangu. Hoja ya kwanza ni kwamba wenyeji walifaidika kidogo. Hiyo ni kweli, wala sitaificha kwa sababu ya kumsifu marehemu. Walioajiriwa walipata mishahara, lakini kwa miaka mingi watu wa Pwani waliuliza, na hata Bungeni swali hilo liliwahi kufika: roketi zilipita juu ya vichwa vyetu, je, elimu yake ilituachia nini? Vijana wangapi wa Ngomeni, Gongoni na Marereni wamekuwa wahandisi wa anga kwa sababu ya kituo kile? Kijana anayechota chumvi na kupita mbele ya lango la kituo kila asubuhi ana haki ya kuuliza.

Lakini jibu la swali hilo si kumsahau Broglio. Tukimsahau, tutadhani majukwaa yale ni vyuma vya Wazungu tu, wala hatutajua tudai nini. Anayejua kilichofanyika ndiye awezaye kudai sehemu yake. Mapatano mapya baina ya Kenya na Italia yaliyotiwa saini mwaka 2016 yanataja mafunzo kwa Wakenya. Mwaka 2017 nchi yetu ilianzisha Shirika la Anga la Kenya. Tarehe 11 Mei 2018 setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani. Ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na chuo kikuu kile kile cha Roma alichofundisha Broglio. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1. Jina la Kiswahili tena! Mbegu imechelewa kuota, lakini imeota.

Hoja ya pili ni kwamba yeye si wetu. Mimi nasema mwalimu hana kabila. Mtu aliyechukua jukwaa la mafuta na tishari kuukuu akavigeuza kuwa shule ya anga anatufundisha sisi ambao kila mara tunalalamika kwamba maabara haina vifaa. Alitazama alichonacho, akatazama ramani, akafikiri. Na wataalamu walipotafuta jina la kazi yao kubwa, hawakulitoa kwao. Walilichukua kutoka kinywani mwetu.

Kwa hiyo natoa mapendekezo mawili kwa chama. Kwanza, mwaka ujao chama chetu na kile cha sayansi viandae safari ya pamoja kwenda Ngomeni, na wazee wa pale waalikwe kutusimulia waliyoyaona, kabla hawajaondoka na hadithi zao. Pili, tuanze daftari la maneno ya anga kwa Kiswahili. Tusingoje wengine watutungie. Tukiweza kueleza mizani ya Broglio kwa lugha ambayo mvuvi na mchota chumvi wanaielewa, tutakuwa tumeirudisha elimu ile pale ilipotokea.

Mola amlaze mahali pema Profesa Broglio, nasi atujalie bidii ya masomo. Wenzangu, tukutane kikaoni, na anayepinga aje na hoja zake. Kiswahili kitukuzwe!